Msonobari wa Mama Mabula

Mimi nikiona kitu kinaharibika na sijui kwa nini, chakula hakipiti kooni. Mume wangu Abdu anauita umbea. Na auite. Bila umbea huo, mwaka ule wa sabini na saba jirani yangu angehamishwa kutoka Samuye huku analia.

Jirani huyo ni Limi, ambaye sote tunamwita Mama Mabula. Mabula, mwanawe wa pekee, alikuwa kibarua kwenye msitu wa misonobari kule Ukerewe. Januari alikuja likizo na mche mmoja ndani ya mkebe wa mafuta ya Kimbo, haujafika hata shubiri moja.

"Mama," alisema nami nikisikia, "huu ukishika, nitajua misonobari inaota huku. Nitaacha kazi nirudi nifungue kitalu hapa hapa. Usiposhika, Desemba nakuja kukuchukua. Siwezi kukuacha peke yako mwaka mwingine."

Mama Mabula aliupokea kwa mikono miwili. Mumewe amezikwa nyuma ya zizi, na tangu azikwe hajalala hata siku moja mbali na kaburi lile. Alibeba mkebe akaenda kuupanda mche mwenyewe nyuma ya nyumba, na kesho yake alfajiri Mabula akaondoka.

Kufika Aprili mche ulikuwa wa njano. Kila aliyepita uani alikuwa daktari. Mageni, mwenye ng'ombe wengi, alileta samadi mbichi akairundika mpaka shingoni mwa mche, eti kinacholisha pamba hakiwezi kushindwa na kijiti. Mwingine alitaka kuunyunyizia dawa ya josho, kana kwamba una kupe. Nilimfukuza. Mimi ni fundi cherehani, sijui miti, lakini najua kwamba nguo haifumuliwi kabla hujaona ilipokosewa.

Nikaanza kuuchunguza. Kwanza niliiondoa samadi ya Mageni, maana gome lilikuwa limeanza kubabuka. Nikakwaruza kidogo kwa ukucha: chini ya gome kulikuwa na kijani, kwa hiyo ulikuwa hai. Nikazamisha kidole udongoni: unyevu upo, wala maji hayajatuama. Mchwa hawakuwapo. Kilichonishangaza ni majani, yale membamba kama sindano. Mabula alikuwa ametuambia kwamba ya chini yakikauka na kudondoka tusiogope, ni uzee tu. Lakini hapa ya chini yalikuwa na nafuu. Yaliyopauka ni yale ya kileleni, machanga, tena mafupi. Ilikuwa kama mtoto anayenyonya na hanenepi. Kwa nini?

Wiki mbili nzima swali hilo lilikaa nami kwenye cherehani, nikashona suruali ya mtu miguu hailingani.

Ndipo nikaenda Kolandoto kumjulia hali shemeji yangu aliyelazwa. Njiani, kwenye uwanja wa nyumba moja ya zamani, niliona misonobari miwili mirefu. Nikashuka hapo hapo kwenye lori lililonibeba. Mlinzi, mtu wa makamo aitwaye Maige, aliniruhusu kuangalia. Karibu na bomba linalovuja ulikuwapo mche uliojiotea, wa kijani kibichi, na mbolea hakuna. Nilifukua pembeni yake kwa kijiti. Mizizi ilikuwa imevikwa ukungu mweupe, nyuzi laini kuliko uzi wangu wa kutarizi, na udongo ulinukia uyoga.

Niliporudi Samuye nilifukua pembeni ya mche wetu. Mizizi ilikuwa mitupu, ya kahawia, haina hata uzi mmoja.

"Mama Mabula," nikamwuliza, "ule udongo wa mkebeni uliupeleka wapi?"

Aliniangalia kama mtu aliyeshikwa. "Niliuosha. Maji matatu. Nikayamwaga nje ya ua wa minyaa."

"Uliosha mizizi?"

"Mama Mwahija, kwetu hata jembe la kuazima linaoshwa kabla halijaingia uani. Udongo wa watu una wenyewe. Ukiuingiza hujapewa, wenyewe wanaufuata."

Nilikasirika, nakiri. Nilimwambia kwamba mizizi ya msonobari hulishwa na ukungu wa udongo wake, naye ameuosha pamoja na tope. Alikaa chini pale pale. "Basi nimeuua mwenyewe," alisema. "Nimejihamisha kwa mikono yangu." Hasira ikanitoka, nikaona haya.

Nikamwambia dawa ipo Kolandoto kwa mlinzi mmoja, kapu moja tu la udongo wa misonobari yake. Akakataa. Siku tatu hakutaka hata kunisikia. Siku ya nne, jua halijapanda, alisimama barazani kwangu na kapu kichwani.

"Huyo mlinzi ni mtu wa wapi?"

"Msukuma mwenzako."

"Basi ataelewa nikimwomba."

Kule hakugusa chochote. Alimwamkia Maige, akajitaja yeye na ukoo wake, akaeleza kuhusu mwanawe, mche na kaburi, bila kuficha kitu. Nilidhani Maige atacheka. Hakucheka. Aliinama chini ya msonobari, akachota udongo kwa viganja vyake mwenyewe mpaka kapu likajaa.

"Nimekupa mimi," alisema. "Hakuna atakayeufuata."

"Wabeja," Mama Mabula akamshukuru kwa Kisukuma, na tulipofika nyumbani alipita minyaa yake na lile kapu bila kulitua.

Tuliufukia udongo ule kuzunguka mizizi, tukatandaza nyasi kavu juu yake, shina tukaliacha lipumue. Mei hakuna kilichobadilika, nami nikaanza kuogopa. Mwishoni mwa Juni niliona chipukizi kileleni, jembamba, la kijani. Kiangazi chote Mama Mabula aliunywesha kwa kibuyu, na kila asubuhi aliniita nije kuuangalia, wakati mwingine kabla sijanawa uso.

Desemba Mabula alifika na mkokoteni wa ng'ombe aliokodi stendi. "Fungasha, mama," alisema, na tayari alikuwa ameshika kitanda.

"Kwanza pita nyuma ya nyumba," mama yake akamwambia.

Alikaa huko muda mrefu. Tulimsubiri mlangoni. Mabula alirudi na vumbi magotini na udongo kwenye kucha.

"Nani kawaambia habari ya ule ukungu?"

"Tuliutafuta," mama yake akajibu.

Mabula alitazama kitanda, akamtazama mama yake. Kisha akaenda mkokotenini, akashusha begi lake, akaliingiza ndani. Mwenye mkokoteni akauliza mzigo uko wapi.

"Nenda tu baba," Mama Mabula alimwambia. "Hakuna mzigo."