Sahihi Iliyoondoka Kwenye Hundi

Adhuhuri hiyo Makame, fundi wa mapaa, alijilaza mkekani bila kugusa chakula. Asubuhi Bi Mwanakheri, mkunga mstaafu, alikuwa amemwandikia hundi ya shilingi themanini elfu kwa kazi ya paa lake, naye Makame alipofika nyumbani, kwa wino unaofanana, akatanguliza moja kwenye tarakimu na kuchomeka "mia na" kwenye maneno, ikasomeka mia na themanini elfu. Benki angekwenda kesho. Alijigeuza huku na huku mpaka usingizi ukamchukua.

Akajiona katika nchi isiyo na kivuli hata kimoja, hundi ameificha kifuani, ikimchoma kama kaa la moto. Kando yake alitembea Tamaa, kijana mtanashati mwenye mikono mirefu kupita kiasi, akimnong'oneza njia nzima, "Ni neno dogo tu. Yule mama ana kitu, hatajua." Wakafika penye lango, na hapo chini alikuwa ameketi mwanamke aliyejitanda shuka nyeupe, analia bila sauti. Makame alipogeuka kuuliza ni nani, Tamaa alikwisha toweka.

"Mimi ni Ridhaa," mwanamke akasema. "Ulipoandika, hukuniita."

Akamshika mkono, akampeleka mbele ya Haki. Haki akaikunjua hundi, na papo hapo sahihi ya Bi Mwanakheri ikajinyanyua kwenye karatasi, herufi baada ya herufi, ikaondoka kwa mstari kama siafu wanaohama.

"Umeibadilisha bila yeye kuridhia," Haki akasema taratibu, "kwa hiyo haimfungi tena."

"Basi nilipwe zile themanini nilizozitolea jasho," Makame akaomba.

"Si kwa karatasi hii. Imebatilika yote, si kile kipande ulichoongeza tu. Aliyebaki amefungwa nayo ni wewe uliyeibadilisha."

Makame akainama kutazama. Pale ilipokuwa sahihi palikuwa na jina lake, wino ungali mbichi.

Alizinduka mkekani. Sasa alielewa kwamba hakuwa amejiongezea kitu. Alikuwa ameliharibu neno ambalo mama yule alimpa kwa kumwamini. Jua halijazama alikuwa kwake, akamweleza yote bila kuinua macho.

Bi Mwanakheri aliipokea hundi. Akaichana, akaingia ndani, akarudi na nyingine ya themanini elfu.

"Chukua, fundi," akasema.

Miaka yote waliyojuana, alikuwa akimwita mwanangu.