Mkono Usio na Hasira

Bayingana hakuwahi kumpiga mtoto kwa hasira. Alilisema kanisani, akalisema na kazini kwake, ghalani Masoro, wanaume wenzake wakatikisa vichwa kwa heshima. Alilipata kwenye semina ya wazazi: hasira ni dhambi, adabu ni upendo. Basi kabla ya kupiga hunawa mikono, huvua saa, huomba. Kisha huwauliza watoto kwa sauti laini kama ya daktari wa meno, "Mnaona papa ana hasira?"

"Hapana, papa."

Ndipo waya hushuka. Waya mnene wa umeme, na kwenye mshikio ameuzungushia kitambaa ili usimchubue yeye.

Mimi nasema hivi: mwenye hasira akikupiga, huchoka. Anayekupiga akiwa ametulia hachoki mpaka umeisha. Nchi hii inawajua watu hao tangu mauaji ya kimbari. Wengine walikuwa wanakwaya.

Jumapili moja, nyumbani kwao Niboye, karatasi ya fadhila ya wiki ilikuwa ukutani: UPENDO. Ntare, mtoto wa miaka minne, alikuwa amemaliza maandazi ya wageni, akasema ameyala paka. Nyumba haikuwa na paka. Mama yake, Winifred, alicheka hadi akashika ukuta. Bayingana hakucheka. Akanawa mikono.

"Ihirwe, njoo." Huyo ndiye binti yao, wa miaka saba. "Wiki hii tunajifunza nini?"

"Upendo, papa."

"Na ndugu yako akikosa, ukimpenda, unamfanyaje?"

Mtoto akatazama vidole vya miguu.

"Unamrudi. Shika." Akampa waya.

Kicheko kikamkauka Winifred mdomoni. Kule Isingiro, Uganda, alikokulia, baba yake naye alikuwa mtu wa adabu, mzee wa kanisa. Siku moja alimpa Connie, dada mkubwa, ufito, akamwamuru amnyooshe mdogo wake. Connie akamnyoosha Winifred kweli. Leo Connie anakaa Kanombe, hapo karibu, na dada hao hukutana misibani tu, wakisalimiana kama watu waliowahi kushtakiana. Mgongo ulipona. Udada haukupona.

"Papa Ihirwe," akasema, "mpige wewe. Nakuomba. Hawa usiwagonganishe."

"Mama Ihirwe, usiniharibie somo mbele ya wanafunzi."

Ntare akanyoosha viganja. Ihirwe akapiga kidogo, kama anayefukuza inzi.

"Huo si upendo," Bayingana akasema. Akauchukua waya, akamcharaza binti mapajani, ngozi ikafunguka. "Upendo ni huu. Haya, rudia."

Ihirwe hakulia. Alipangusa mikono kwenye gauni, mmoja halafu wa pili. Akafumba macho, midomo ikacheza. Alipoyafumbua, uso wake ulikuwa mtupu kama sahani iliyooshwa.

"Ntare," akasema kwa sauti laini, "unaona nina hasira?"

Waya ukashuka begani kwa mtoto. Shati likachanika, damu ikafuata. Ukapanda tena.

Winifred hakujua alivyovuka sebule. Aliudaka waya hewani, ukamchana kiganja, akaupora. Bayingana akamkamata nywele, bila haraka. "Tulia, mke wangu. Shetani anakutumia." Akamgonga kichwa ukutani. Akamgonga tena, kwa utaratibu, kama mtu anayepigilia msumari wa kuning'inizia picha. Mkono wa Winifred ukapapasa mezani, ukakutana na chupa ya chai. Akamtandika nayo tayani. Kifuniko kikaruka, chai ya moto ikamwagikia mwanamume kifuani, na jino likaanguka sakafuni.

"Nitakuua, mbwa wewe!" Bayingana akanguruma. "Nitakukatakata!"

"Haleluya!" Winifred akatema damu. "Kumbe hasira imo! Miaka yote imo humo ndani!"

Akawakokota watoto mpaka nje ya geti, akalifunga kwa komeo la nje. Ndani, mtu wa upendo akalipiga mateke, bati likapiga kelele mtaa mzima.

Jirani yao Gahongayire, shemasi, alitoka na kitenge cha ibada bado kiunoni. "Winifred, weh! Ya nyumbani hayaanikwi. Ingia umwombe mumeo msamaha, watoto wanaona."

"Waache waone, mama. Wewe je, ulikuwa husikii?"

Gahongayire akakaza kitenge kiunoni.

Winifred akaketi ukingoni mwa barabara, akakandamiza bega la Ntare kwa upindo wa sketi. Ihirwe akasogea, akanyoosha mkono kumgusa mdogo wake. Ntare akamrushia teke la mdomo. Mdomo ukapasuka. Binti akaganda. Winifred aliona ule utupu wa sahani ukianza kurudi usoni mwake.

Halafu uso ukakunjamana. Ihirwe akapiga ukelele, akamrukia mdogo wake na kucha, akimwita mwizi, mchawi, kikojozi. Naye akamng'ata mkono, akamwita ng'ombe. Wakapigana juu ya mapaja ya mama yao, kamasi na damu vikichanganyika, wakilia kwa hasira mpaka sauti zikawakauka.

"Watenganishe basi!" Gahongayire akasema. "Ni mama gani wewe?"

Winifred akawakumbatia wote wawili, mateke yakimpata mbavuni.

"Waache," akasema. "Leo hakuna aliyewatuma."