Faili Moja Katika Kila Folda

Kompyuta ya Bwana Muhuri ilikuwa inaugua uzembe, na mwenye uzembe hakuwa kompyuta. Alichomeka flashi aliyotoka nayo duka la fotokopi bila kuikagua, kisha akabonyeza kila kilichojitokeza kwenye skrini na kumpongeza. Sasa folda zake zote zilikuwa zimegeuka vialama visivyofunguka, na matangazo yalijifungua yenyewe hadi mashine ikawa inahema. Jumatatu alitakiwa kupeleka nyaraka zake za kustaafu, na zote zilikuwa humo.

Basi akamwita rafiki yake wa miaka thelathini. Watu walimwita Bisibisi, kwa kuwa bisibisi haikukosekana mfukoni mwake hata akienda harusini. Zamani hakuwa fundi. Alikuwa mtunza ramani katika ofisi ya maji, ileile ambamo Bwana Muhuri alikuwa karani na mshika mihuri. Alipofukuzwa, miaka kumi na miwili iliyopita, ufundi aliuokota njiani tu, kwa sababu watoto walikuwa hawajaacha kula.

"Nani alikwambia umeshinda simu ya bure?" aliuliza akivuta kiti.

"Waliandika na jina langu, bwana."

"Wewe mtu akikuita kwa jina tu, umeshauza nyumba."

Mke wa Muhuri alicheka huko jikoni. Bisibisi alichomoa waya wa intaneti, akaitafuta programu iliyokuwa ikijiwasha kila mashine inapowashwa, akaizima na kuifuta. Halafu akachomeka flashi yake, akaiachia kazi programu yake ya kusaka virusi. Hapo fundi hana la kufanya ila kusubiri.

"Na wewe ungekuwa unastaafu mwaka huu," Muhuri alisema. "Yule mdogo wako alikumaliza."

Bisibisi alikaza macho kwenye skrini. Maneno hayo alikuwa ameyasikia mara nyingi kutoka kinywa hichohicho, na siku zote yalimfariji kidogo.

Kosa lenyewe lilikuwa lake, hakulikana. Alichukua ramani asilia ya mabomba akaenda kuisahihisha nyumbani, jambo lililokatazwa, na binti yake akaimwagia chai. Kona iliyoharibika akaichora upya, akaibandika, akairudisha ofisini kimyakimya. Watu wawili tu walijua. Mmoja ni mdogo wake, dereva wa ofisi, aliyemkuta akichora. Wa pili ni Muhuri, ambaye Bisibisi alimsimulia mwenyewe kwa kicheko. Mwezi haukuisha, barua isiyo na jina ikasomwa mbele ya kamati, naye akafukuzwa kwa kughushi. Barua ilimalizia hivi: "Mtu wa damu yake aliyaona haya kwa macho, akiulizwa atathibitisha."

Jioni ile Muhuri alikuja kukaa naye. "Mimi ni rafiki tu," alimwambia. "Mtu wa damu yako ni nani?"

Tangu hapo Bisibisi hakumsalimia mdogo wake. Mdogo alituma wazee, akamtuma mkewe, mwisho akaja mwenyewe akasimama mlangoni akiapa, na mlango ukafungwa mbele ya uso wake. Mwaka juzi figo zilimsumbua, akafa. Bisibisi hakwenda kuzika. Muhuri alikuwa amemshauri asijisumbue.

Mashine ililia, kazi ya kusaka imekwisha. Muhuri alikuwa ametoka kwenda uani kupokea simu.

"Shemeji, mwambie asiwe na wasiwasi," Bisibisi aliita. "Vitu havijapotea. Kirusi hiki kinaficha tu."

Aliiamuru kompyuta ionyeshe kila kilichofichwa. Folda zikajipanga upya: Kustaafu, Harusi ya Binti, Picha za Wajukuu. Na moja ambayo kirusi si kilichoificha, maana kirusi kilikuwa na wiki tatu na hiyo ilikuwa imefichwa kwa mkono, zamani sana. Bisibisi alitabasamu. Yeye ndiye aliyemfundisha Muhuri kuficha folda, walipokuwa bado ofisini.

Alikuwa na desturi yake: hatangazi kuwa kazi imekwisha mpaka afungue faili moja katika kila folda, aone kama ni nzima. Wateja wengine walimcheka kwa hilo. Alifungua wajukuu, wazima. Alifungua harusi, nzima. Alifungua na ile ya zamani. Ndani mlikuwa na faili tatu: Barua, Barua Pili, Barua Safi.

Alifungua Barua Safi: ni ileile iliyosomwa mbele ya kamati. Hakuhitaji kuisoma, aliijua kwa moyo. Aliisoma hata hivyo. Kisha akafungua ile ya kwanza, na humo sentensi ya mtu wa damu haikuwemo. Katika ya pili ilikuwa imeongezwa.

Alimchukia Muhuri, ndiyo, lakini chuki hiyo ilikuwa ndogo. Kubwa ilikuwa kwa mkono wake mwenyewe, huu ulioshika kipanya, uliofunga mlango. Aliwaza kuifuta folda. Aliwaza kuinakili. Lakini angempelekea nani? Kamati ilishavunjwa, na mtu pekee aliyestahili kuiona hakuwapo. Akaiacha Barua Safi wazi kwenye skrini, akachomoa flashi yake.

"Vipi, vitu vyangu vimerudi?" Muhuri aliuliza akiingia.

"Vyote. Hakuna hata kimoja kilichopotea."

Muhuri alivaa miwani, akainama. Alikaa ameinama hivyo kwa muda mrefu kuliko barua ilivyokuwa ndefu.

"Nilikuwa na watoto wanne," alisema mwishowe, bila kugeuka. "Na cheo tulichokuwa tunakingojea sote wawili kilikuwa kimoja."

"Mimi nilikuwa na mdogo mmoja."

Muhuri alivua miwani na kuanza kuifuta kwa shati. Aliendelea kuifuta.

Bisibisi alitia bisibisi mfukoni, akapita jikoni. Mke wa Muhuri alikuwa anakausha vikombe.

"Imepona, shemeji?"

"Imepona." Alisimama kidogo. "Shemeji, nyinyi mlikwenda kumzika mdogo wangu. Naomba unielekeze kaburi lake liko upande gani."