Kuulizwa Kabla ya Kushtakiwa

Daktari wa meno alifika kwenye ofisi za Baraza la Madaktari wa Meno mapema kuliko alivyotakiwa, akakaa ushorobani juu ya kiti cha plastiki, mkoba magotini, kama mwanafunzi aliyeitwa na mkuu wa shule. Alitakiwa kujibu swali moja tu, nalo alikwisha kulijibu mara moja, kwa uongo.

Kosa lenyewe lilikuwa la kibinadamu. Mzee mmoja, fundi umeme, alimjia akiumwa gego la chini. Ujanani mzee huyo aliwahi kung'olewa gego jingine, na yaliyobaki yakasogea mbele polepole hadi pengo likazibika. Daktari akahesabu kwa mazoea, hakuirudia picha ya eksirei, akang'oa gego lisilo na ubovu wowote. Alipoiona mizizi yake ilivyo safi, alinyamaza, akang'oa na lile bovu. Ganzi ilipokwisha, mzee alipapasa kwa ulimi akakuta nafasi ya magego mawili. Aliporudi kuuliza, daktari alimjibu kwa upole wa kumbembeleza mtoto kwamba yote mawili yalikuwa yameoza, kwamba alimweleza kabla ya ganzi, naye akakubali. "Umesahau tu, mzee wangu."

Zamani, kwa lalamiko kama hilo, jalada lingefunguliwa papo hapo. Jina la daktari lingebandikwa hadharani, mawakili wangeandikiana, na shauri lingeburutwa hadi madaktari wengine waugue kwa wasiwasi, na walalamikaji wengine watangulie mbele ya haki bila jibu. Utaratibu huo ulikuwa umebadilishwa. Sasa mkaguzi wa Baraza huzikalisha kwanza pande mbili na kuzisikiliza. Kosa la mkono likielezwa waziwazi, humalizwa hapo hapo. Yale tu yanayogusa uaminifu wa daktari au usalama wa wagonjwa ndiyo hupelekwa kwenye uchunguzi kamili. Daktari huyu ndiye aliyesimama katika mkutano wa chama chao kuyatetea mabadiliko hayo. Alisema madaktari wanastahili kuulizwa kabla ya kushtakiwa, na ukumbi mzima ukampigia makofi.

Daktari mwenzake wa chumba cha pili kliniki alikuwa amemwambia asihangaike: aseme mgonjwa alikubali, basi. "Siku hizi Baraza ni kibogoyo, dada. Litakutafuna na nini?" Walicheka wote wawili.

Walipoitwa, waliketi kuizunguka meza ya duara, chini ya feni iliyolalamika kuliko wote waliokuwamo. Mzee alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Binti yake ndiye aliyetangulia kusema. Alimwomba mkaguzi radhi kwa usumbufu, akaeleza kwamba baba yao ameanza kusahau, na ushahidi ndio huu wa meno. Kwamba kwa sababu hiyo wao watoto wamekubaliana asiguse tena nyaya za watu, maana umeme hauna samahani. Alieleza hayo yote kana kwamba baba yake hayumo chumbani.

"Maliza, mama," mzee alimwambia. "Ukishanizika, nami nipewe nafasi."

Akamgeukia daktari. Alisema hakuja kudai fidia, wala kumharibia mtu kazi.

"Nataka kujua jambo moja, daktari. Uliniuliza nikasahau, au hukuniuliza? Kama nimesahau, niambie, nitaiacha kazi kwa heshima. Nisije nikaua mtu."

Mkaguzi, mwanamke mwenye sauti tulivu, alisema kwamba iwapo daktari atathibitisha maelezo yake ya awali, shauri litafungwa leo.

Daktari aliitazama mikono ya mzee. Ilitulia mezani bila kutetemeka. Yake ndiyo aliyoificha chini ya meza. Alijawa na aibu, wala haikuwa tena aibu ya gego. Alikuwa ameomba aaminiwe, na sasa ameaminiwa.

"Hukusahau, baba," alisema. "Sikukuuliza. Niling'oa jino zuri kwa kukosea hesabu, kisha nikakwambia umesahau, kwa sababu wewe ni mzee na nilijua wataniamini mimi."

Binti aliinamisha uso, asithubutu kumtazama baba yake. Kukosea jino, mkaguzi alisema, kungeishia chumbani humu. Kumdanganya mgonjwa hakuwezi kuishia humu. Shauri litakwenda kwenye uchunguzi kamili, na huko ndiko leseni itakakoamuliwa. Daktari akaitikia kwa kichwa.

Moyoni alitazamia kwamba mzee angemshukuru walau kwa ukweli, na alipojigundua akitazamia hivyo, aibu ikamrudia upya. Mzee alinyanyuka taratibu, akaukataa mkono wa binti yake, akasimama mbele ya daktari.

"Wangapi?" aliuliza. "Wazee wenzangu. Wangapi umewaambia wamesahau?"

Daktari alifumbua kinywa amwambie kwamba ni yeye peke yake. Kisha akakifumba, akaanza kukumbuka.