Mita Mbili za Saudah

"Iko tatu," Saudah alisema, na hakupenda jinsi sauti yake ilivyotoka.

Mshale wa mita ulilala penye tatu. Karatasi iliyobandikwa ndani ya mfuniko wa mashine ilisema volti sita. Tena, kila mara ncha za mita zilipogusa bodi, ile sahani ya umeme inayoongoza joto, balbu ya kuyapa mayai joto ilizimika.

Naome alipiga magoti sakafuni, hapo kwake Nyakiyumbu, ameifunika mashine ya kutotolea kwa blanketi lake la kulalia. Ugonjwa ulikuwa umefagia banda lake lote. Mayai haya hamsini, ya siku kumi na tisa, bado mbili tu yaanguliwe, ndiyo kuku waliobaki. Asubuhi aliikuta mashine imepoa. Saudah akaja kutoka Bwera, akapata waya uliotafunwa na panya, akauunga, balbu ikawaka. Angeondoka hapo. Lakini marehemu mumewe alimfundisha kwamba fundi hafungi mfuniko kabla ya kupima.

"Mama Swalik, usinifiche," Naome akamwambia Saudah. " Bodi imekufa?"

"Ngoja kwanza, dada."

"Mayai hayajui kungoja."

Bodi nyingine iko Kasese. Kwenda na kurudi ni jioni. Saudah akatoa mita ya marehemu, pacha wa ile yake. Nayo ikasema tatu. Mashahidi wawili, neno moja. Akashika bisibisi aitoe bodi, na ikitoka, joto ndiyo basi.

"Pima tena," Naome alisema. "Mimi malaria yangu walipima mara tatu."

Safari hii Saudah akaziweka mita zote mbili kwa pamoja, pale pale. Mishale yote ikashuka mpaka mbili.

Mkono wake ukasimama. Bodi ni ileile. Kilichoongezeka ni mita tu.

"Inakunywa," akasema polepole.

"Nani?"

"Mita. Moto wa umeme hapa ni kidogo sana, na mita lazima inywe ndiyo mshale usogee. Zikiwa mbili zinakunywa zaidi. Ni mimi ninayeizima balbu, Naome."

"Sasa bila mita utajuaje kama ni nzima?"

Saudah akaondoa ncha, mita moja, kisha ya pili. Balbu ikawaka. Akafunga mfuniko bila kupima, mikono akaificha ndani ya kanga.

Baada ya kitambo, Naome aliingiza mkono chini ya blanketi, akatoa yai moja, akaliweka sikioni asikie kama kifaranga kinagonga. Saudah akazuia pumzi, Naome asije akasikia pumzi hiyo badala ya kifaranga.