Nilipona Bila Karatasi

Katika nyumba yetu ya Brooklyn Park, huku ughaibuni, hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuita ambulensi. Binti yangu Njeri ni nesi. Mumewe Naftali ni nesi katika makao ya wazee kule Anoka. Margaret, anayekaa ghorofa ya juu na ambaye tunasali naye kanisa moja, ni nesi wa vidonda. Mjukuu wangu Sydney, anayeniita Cucu, yaani bibi, yuko chuo kikuu, anasomea hiyo hiyo. Droo ambayo kwa watu wengine ina vijiko, kwetu ina bandeji, glavu, mkasi wenye ncha butu na mashine ya presha. Ukikohoa mara mbili mezani umeshawekewa kipimajoto. Kuita ambulensi kwetu kungekuwa kama fundi cherehani kumpelekea fundi mwingine suruali yake amshonee kifungo.

Asubuhi ya mtihani wa Sydney wa somo la dawa, mwezi wa Desemba, madirisha yalikuwa yameganda barafu. Sydney alikuwa ameshavaa koti na buti, funguo za gari mkononi. Mimi nilikuwa nimejidunga insulini yangu, lakini badala ya kula nikaanza kumkaangia yeye yai, maana mtoto haendi mtihani na njaa. Nikaona kikaango kinakwenda mbali, mbali. Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni, kipaji cha uso kimepasuka kwenye ukingo wa jiko, na Sydney amepiga magoti kando yangu na koti lake.

Mtoto huyu husikia Kiswahili akajibu kwa Kiingereza. Siku hiyo Kiswahili kilimtoka chote.

"Cucu, niangalie. Unaitwa nani?"

"Kwani hunijui?"

"Wewe sema tu."

"Mimi ndiye niliyekuwa nakufunga nepi."

"Haya, akili ipo," akasema, akanipaka asali ndani ya shavu kwa kidole.

Akampigia mama yake kazini, akaiweka simu sakafuni ili mikono yake iwe huru. Nilimsikia Njeri akiuliza sukari imefika ngapi, macho yote mawili yanaitikia mwanga, damu inatiririka au inachuruzika. Hakuna aliyetaja ambulensi. Sydney akabonyeza kitambaa kwenye jeraha langu, akauliza kwa sauti ndogo, "Na mtihani, Mami?"

Njeri akajibu, "Usimwache peke yake mpaka Margaret afike. Hao ni watu, wataelewa. Tena ni shule ya manesi."

Margaret alitoka shifti ya usiku, akaingia moja kwa moja jikoni kwetu bila hata kuvua kofia. Aliniosha, akanibana jeraha kwa plasta nyembamba, moja moja, kama mtu anayepanga dhahabu. Ndipo Sydney akakimbilia gari. Alikuta mlango wa chumba cha mtihani umefungwa. Msimamizi alimtikisia kichwa kupitia kioo.

Akaiandikia ofisi ya wanafunzi. Walijibu upesi, sitawanyima haki yao. Walisikitika mwanzo wa barua, wakasikitika katikati, wakasikitika mwisho. Hapo katikati walitaka karatasi ya hospitali kuhusu ugonjwa wangu.

"Karatasi gani, na hakwenda hospitali?" Njeri akasema.

Naftali akacheka. "Waambie alitibiwa na manesi watatu, mmoja kwa simu. Hata gavana hapati hivyo."

"Dad, ndugu hawahesabiwi," Sydney akasema.

"Margaret si ndugu."

Kweli, Margaret si ndugu. Akaandika maelezo mazuri, akaweka na nambari yake ya leseni. Ofisi ikamshukuru, ikamuuliza alikuwa zamu katika kliniki gani alipotoa matibabu hayo. Akajibu ukweli: jikoni. Wakamwandikia kwamba nesi kutibu mtu nje ya kazi yake, bila daktari, huenda likawa jambo la kuwauliza watu wa leseni.

Alishuka kwetu na ndara za nyumbani, hajafunga hata kitambaa kichwani.

"Mama Njeri, nisamehe. Watoto wangu wanakula kwa hiyo leseni. Nimewaambia wayafute maneno yangu."

Nilimpa chai. Hakuimaliza. Mpaka leo akija kutoka kazini anapitia mlango wa nyuma, asipite karibu na wetu.

Basi nikasema, wakitaka ushahidi wanichukue mimi. Naftali akatupeleka. Nilivaa kofia yangu ya kanisani. Mama wa ofisini alikuwa kijana mwenye sauti laini, na mezani kwake palikuwa na picha ya mbwa na boksi la tishu. Akanisogezea lile boksi kabla sijaketi. Sydney akawa mkalimani.

Nikavua kofia. "Mwambie hapa ndipo nilipopasuka."

Yule mama akatazama, akainama, akatazama tena. Hapakuwa na kitu. Margaret alikuwa amelifunga jeraha vizuri mno, hata mstari haukubaki. Ningekuwa nimeshonwa na mtu mzembe ningekuwa na alama ya kuonyesha.

"Hata kama ningeiona," akasema yule mama, "siruhusiwi kuhukumu kwa kuangalia mwili wa mtu."

"Muulize, mtoto angefanya nini?"

"Cucu, tafadhali."

"Muulize."

Sydney akauliza, macho yake kwenye ile picha ya mbwa.

"Angeita huduma ya dharura," yule mama akajibu. "Hapo tungekuwa na rekodi."

"Na angewahi mtihani?"

"Hapana. Lakini tungekuwa na rekodi."

Alitufungulia mlango mwenyewe, akanitakia afya njema.

Sifuri aliyopewa kwa kukosa mtihani ikabaki. Somo lile hufundishwa mara moja kwa mwaka, na bila hilo huendi wodini. Wenzake wakavishwa sare za hospitali, picha zao zikawa zinaingia kwenye simu yake mchana kutwa. Yeye alikwenda na baba yake Anoka, akawa anawageuza wazee kitandani, akisubiri mwaka uzunguke. Nyumbani hakunilaumu hata mara moja. Aliacha tu kula mayai.

Mwaka ukazunguka. Asubuhi ya mtihani ule ule nilihakikisha nimekula kwanza, mkate na uji. Lakini tumbo lilikuwa limenichafuka tangu jana yake, na insulini ilipokwisha kuingia mwilini, nilitapika vyote. Nikajishikiza kwenye kabati, nikateremka taratibu mpaka sakafuni. Jasho likanitoka, midomo ikafa ganzi.

Siku hiyo wote walikuwepo. Njeri alichota asali kwa kijiko.

"Mami, usimguse," Sydney akasema.

Alikuwa amesimama mlangoni na koti lake, simu sikioni. Alishawapigia watu wa ambulensi.

"Umesema nini?"

"Ukimpa, sukari itapanda. Wakifika wataandika hana kitu. Waache wamkute hivi. Nikichelewa, safari hii nitakuwa na karatasi."

"Sydney, huyu ni mama yangu."

"Anaongea bado. Wanakuja sasa hivi." Kisha, kwa Kiingereza, akaitaja anwani yetu polepole, herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa.

Nilimtazama Naftali. Naftali alikuwa anatazama dirisha, na huko nje hakukuwa na cha kutazama ila theluji. Njeri alisimama na kile kijiko. Ana miaka mingi katika kazi hiyo, amewahi kumrudisha mtu aliyekuwa ameshafunikwa shuka. Asali ilikuwa inadondoka kwenye kigae, karibu na mkono wangu, nami sikuweza kuufikisha.

"Mpe," nikasema, nikikusudia, nipe. Ulimi ulikuwa umeshakuwa mzito. Hakuna aliyeuliza maana yake.

Wakasimama hivyo mpaka king'ora kikasikika.

Karatasi ya hospitali ilipokelewa na ofisi ya wanafunzi siku hiyo hiyo. Walisikitika mwanzo na mwisho, wakampa tarehe nyingine, na alifaulu vizuri kuliko wote. Watu wa kanisani wanasema atakuwa nesi mzuri sana, nami naitikia kwamba ndiyo, ameshajua kazi.

Siku hizi natembea na peremende kwenye mfuko wa aproni. Usiku naziweka chini ya mto.