Bundi wa West Indies

Asubuhi ya tatu mfululizo, Nabwire alikaa kwenye jiwe lililoelekeana na lango la Wamucii, mtaani West Indies. Alipakata mwiko wake mrefu wa kupikia karamu, akakodoa macho bila kusalimia mtu. Jumatatu wapita njia walimcheka. Leo walikuwa wakihamia ng'ambo ya barabara, naye akafurahi, tena sana.

Jina la Bundi alipewa na Wamucii, mwenyekiti wa akina mama kanisani. Kila penye matanga Nabwire ndiye aliyeitwa kupika, na kwa kuwa alifika mapema kuwasha moto, kabla ya waombolezaji wenyewe, Wamucii akasema, "Huyu ni bundi. Akitua kwako, jua kuna maiti." Watu wakacheka, jina likaganda.

Hilo angelimeza. Lakini Jumamosi hii Sylvia, bintiye wa pekee, anaolewa, na Wamucii alisimama mbele ya wenzake akatangaza kwamba mama wa bibi harusi asiguse sufuria, asije akawaletea vijana mkosi. Sufuria za harusi ya mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Basi walitaka bundi, akawapa bundi. Mzee Mungai, mume wa Wamucii, alikuwa mgonjwa ndani ya nyumba ile, na Nabwire alijua vizuri nyumba yenye mgonjwa huogopa nini.

Lango likafunguka. Wamucii alitoka na kaa la moto juu ya kipande cha bati, maana bundi hufukuzwa kwa moto wa jikoni. Yeye hupikia gesi. Kaa lenyewe alikuwa ameliomba kwa muuza mahindi ya kuchoma.

"Nirushie basi," Nabwire alisema.

Wamucii aliinua bati, kisha akalishusha. Kaa likateleza, likazimikia matopeni.

"Mama Sylvia, please, enda nyumbani. Nitaambia wamama leo. Utapika."

"Nani atapika?"

"Wewe."

"Niko na jina."

"Nabwire. Nabwire ndiye atapika."

Ilikuwa tamu kuliko alivyotarajia. Nabwire akasimama, akajipangusa sketi. Lakini Wamucii hakurudi ndani.

"Sasa kuja umwambie Baba Shiko mwenyewe. Alikuona kwa dirisha Jumatatu. Tangu hiyo siku hajakula. Anasema umemkujia yeye."

Mungai, huyo Baba Shiko, hakuwahi kumwita Bundi hata siku moja. Kwenye kila matanga alikuja jikoni na sahani yake kuomba ukoko, wakapiga soga mpaka sufuria ikang'aa. Nabwire alijisikia vibaya, vibaya kabisa.

Chumbani, uji wa asubuhi ulikuwa umeshika utando kwenye kikombe. Mzee alisikia nyayo, akageukia ukuta, akavuta blanketi hadi masikioni.

"Mzee, ni mimi Nabwire."

Nabwire akachukua kikombe, akanywa fundo moja kwa sauti ili asikie, jinsi mwenyeji anavyoonja mbele ya mgeni kumwonyesha hakuna sumu. Kisha akakinyoosha kuelekea mgongo ule, na mkono wake ukabaki hewani.